Waya Nyuma ya Redio

Rehema mwanangu,

Desturi barua ianze kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko nyumbani Magomeni, unapanga mablanketi kwenye pikapu na kubishana na baba yako kuhusu namna ya kufunga turubai. Mimi niko dukani Kariakoo, nimekaa juu ya robota la mapazia. Nimewaambia wateja kwamba leo nafunga mapema na bado wanaingia. Yule mama anayeshona sare za shule amenikuta naandika, akaniuliza kama naandika wosia. Nikamjibu ndiyo, na yeye hayumo.

Kesho alfajiri unakwenda Makambako kufungua duka lako mwenyewe. Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta, kusali na kukagua kufuli nimeshakwambia mpaka umekuwa ukiyamalizia mwenyewe kabla sijafika katikati, kwa hiyo humu hayamo. Humu yamo mambo ya gari. Usicheke. Kuendesha sijui, lakini kiti cha abiria nimekikalia miaka mingi, na mtu wa kiti cha abiria huona mengi kwa sababu hana kazi nyingine. Mwishoni lipo jambo la waya mmoja nyuma ya redio. Nitalifikia. Nikianza nalo hutasoma haya mengine.

Wewe na baba yako mnasema mimi ni mtu wa kushuku. Sikatai. Nikiletewa kitambaa nakipima upya mbele ya aliyekileta. Nikinunua robota naingiza mkono mpaka katikati, maana vizuri hupangwa juu na vibovu hulala ndani. Ulipozaliwa nilimwita nesi mara mbili anionyeshe tena ile plasta ya mkononi yenye jina langu, na mara ya pili aliniambia, "Mama, huyu ni wako, angalia hiyo pua." Nikaangalia pua. Nikatulia kidogo.

Lakini kuna siku niliacha kushuku, na siku hiyo tulikuwa mlima Kitonga.

Wewe ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa shangazi yako. Baba yako alikuwa na ile pikapu ya kwanza, nyeupe, na tulibeba mapazia ya mteja wa Iringa. Tumeanza kupanda, malori mbele, malori nyuma, upande mmoja mwamba na upande wa pili usiseme. Nikasikia harufu tamu ndani ya gari, kama sukari inayoungulia kwenye sufuria. Nikamwambia baba yako kuna kitu kinaungua. Akanionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi. "Uko katikati, mama Rehema. Tulia." Nikautazama, na kweli ulikuwa katikati, umetulia kabisa. Tukakata kona nyingine, harufu ikaja tena, kali zaidi. Nikautazama mshale tena. Safari hii sikusema kitu. Niliona haya kubishana na chombo cha kiwandani kwa kutumia pua.

Injini ikapiga kelele kama kokoto ndani ya kopo, ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Baba yako alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, na mimi nikaruka chini kutafuta jiwe la kuweka kwenye tairi. Nyuma yetu lilikuwa lori la mafuta, limesimama karibu kiasi kwamba nilimwona dereva wake usoni, na uso wake ulikuwa umeshakata tamaa. Jiwe nililipata. Nilivunjika kucha zote za mkono wa kulia na sikujua mpaka usiku.

Baadaye fundi akatueleza. Mpira wa rejeta ulipasuka kwa chini, maji yakamwagika yote barabarani, na dawa ya kupoza iliyomo ndiyo ile harufu tamu niliyoisikia. Ile sensa inayopima joto la maji ikabaki kavu, inapima hewa, kwa hiyo mshale haukuwa na la kusema. Akaongeza jambo jingine ambalo liliniuma zaidi. Alisema kwenye magari mengi mshale ule wa kiwandani umetengenezwa ukae katikati hata joto linapopanda na kushuka, ili dereva asipate wasiwasi, na ukija kuinuka ujue mambo yameshaharibika. Hilo lilinikasirisha kuliko ajali yenyewe. Kuna mtu alikaa huko kwao akaamua kwamba mimi nisiambiwe.

Baba yako tangu siku ile hajapanda mlima akiwa ameshika usukani. Akiulizwa husema macho. Macho yake yanasoma magazeti bila miwani.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba unataka kuondoka na pikapu ya dizeli, peke yako, na mablanketi mpaka juu, nilijua unapita pale pale. Sikukukatalia. Ukashangaa, nikakuona. Nilisema tu, geji kwanza, vipimo vya kufunga wenyewe, si mshale wa kiwandani.

Wewe ulikuja na picha kwenye simu, geji nyeusi zinazowaka rangi saba. Nilizishuku tangu kwenye picha. Kitu ambacho kazi yake ni kusema ukweli, kinajipamba kwa ajili ya nani? Nikakwambia tutatafuta yenye uso mweupe na namba kubwa, ya maji na ya oili, inayosomeka hata jua likiwa linapiga kwenye kioo. Ukanuna njia nzima mpaka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri.

Nakumbuka ulivyosimama nje ya lile duka la vipuri ukijifanya hunijui. Muuzaji alinipokea vizuri sana, na mimi nikipokewa vizuri hivyo huwa nashika mkoba.

"Karibu mama yangu. Hii OG, orijino kabisa, kutoka Japani."

"Na ile inayofanana nayo?"

"Ile ya kawaida."

"Zinatofautiana nini?"

"Ubora, mama."

Nikatoa chupa ya chai kwenye kapu.

"Mama, hapa hatunywi chai," akasema, wenzake wakacheka.

"Si chai. Ni maji yamechemka sasa hivi. Nipe kikombe na hiyo betri ya bodaboda unayojaribia honi."

Alitaka kukataa, lakini watu walishaanza kusogea kutazama, na muuzaji wa Gerezani hawezi kuonekana anaogopa maji ya moto. Akaunga geji zote mbili kwenye betri, tukachovya sensa zao kwenye kikombe kimoja. Ya kawaida ikapanda mpaka karibu na tisini, ikakaa. Ile ya Japani ikapanda mpaka sitini, ikapumzika hapo kama imefika kwao. Mimi nikashuku kikombe. Nikamwaga, nikatia maji mengine, nikabadilisha upande. Jibu likawa lile lile. Muuzaji akafungua boksi jingine la hizo hizo za Japani, akachovya, nayo ikasoma tisini safi kabisa.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusema kwamba zote za boksi lile ni feki. Boksi halisemi lolote, si zuri wala baya. Tulichukua ile iliyosema kweli mbele ya macho yetu. Ya oili tukachagua ya umeme, maana zile nyingine huvuta oili yenyewe kwa kibomba chembamba mpaka ndani, na nilifikiria kibomba kikipasuka na oili ya moto ikamwagikia miguu yako. Muuzaji aliponifungashia aliniuliza kwa upole kama nina binti wa kuoa. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko pale nje, hanijui.

Kwa Shomari mambo yalikuwa magumu zaidi. Unamjua Shomari, fundi umeme wetu tangu ile pikapu ya kwanza, mtu wa maneno machache. Nilimwambia geji zifungwe katikati, chini ya redio. Akasema dereva atakuwa anainamisha shingo, bora kwenye nguzo ya kioo, upande wa usukani. Nikasema hapana, pale nguzoni mimi nitakuwa sizioni vizuri kutoka kitini kwangu. Wewe ulikuwa unafunga ushungi wako kwenye kioo cha pembeni. Hukugeuka hata. Ukasema, "Mama, kiti hicho hutakuwa umekaa wewe."

Ulisema kawaida tu, kama mtu anayesema leo kuna jua. Iliniuma, Rehema. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha gereji na sikujibu, na wewe ukadhani nimekubali. Nilikuwa nimefanya mipango yote ya safari yako nikiwa ndani ya gari. Nilijiona kabisa nimeshika chupa ya maji, nakwambia punguza mwendo. Shomari akachukua keekee, akatoboa nguzo, na geji zikakaa pale ulipotaka wewe.

Basi nikahamishia macho yangu kwake. Nikamwona anafunga ile sensa ya oili kwenye injini, nyuzi zake za chuma za kukazia zikiwa tupu. Nikamwambia itavuja, zungushia utepe mweupe ule wa mafundi bomba. Akasema haihitaji, inajikaza yenyewe. Nikasema zungushia. Akazungusha. Nikasema ongeza. Akanitazama, akaongeza, nadhani kwa kuchoka. Ukawasha gari, na mshale wa oili ukabaki chini kabisa unatetemeka.

Nilichosema baada ya hapo ulikisikia, na gereji nzima ilisikia. Nilimuuliza Shomari kama oili iliyomo ni ile tuliyomletea au ameihifadhi kwa ajili ya mteja mwingine. Mtu aliyetufanyia kazi tangu hujaanza shule. Alichukua kipande cha waya, akagusisha upande mmoja kwenye mwili wa sensa na upande wa pili kwenye injini. Mshale ukainuka ukasimama panapotakiwa. Alipoondoa waya, mshale ukaanguka.

"Hii sensa ina waya mmoja tu, mama Rehema," akasema. "Umeme unaingia kwa waya, unarudi kwa hizi nyuzi, chuma kwa chuma. Tumeivisha nguo, umeme hauwezi kurudi."

Alisema "tumeivisha". Angeweza kusema "umeivisha". Akaufungua utepe wote, akakaza upya, na mpaka leo halijadondoka tone.

Nilikutuma ukanunue chapati. Zile chapati zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa nipate nafasi ya kumwomba radhi Shomari bila wewe kunitazama, na nilimwomba, kwa moyo. Ya pili ni kwamba kabla hajamaliza kunisamehe nilishatoa kidude kwenye mkoba. Kidogo, cheusi, kinaenea kiganjani. Wenyewe wanakiita traka. Kinatiwa laini ya simu, kinafichwa ndani ya gari, halafu mtu aliye mbali anaona kwenye simu yake gari liko wapi.

Ndiyo. Huo ndio waya. Lakini usiikunje barua.

Shomari alikigeuza geuza. "Rehema anajua?"

"Atajua."

"Hizi mbili tulizofunga zinamwonyesha dereva. Hii inamwonyesha nani?"

"Inamwonyesha mama yake. Fanya kazi, anarudi."

Akakifunga nyuma ya redio. Uliporudi na chapati ukamshukuru kwa kazi nzuri, akaangalia chini. Ukaniambia baadaye, "Shomari leo amekukasirikia kweli." Nikakwambia atakuwa na njaa.

Siku zilizofuata nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata. Naweka simu juu ya kaunta, napima pazia la mteja, natupa jicho. Kidoti cha gari kwenye ramani kiko Gerezani. Kidoti kiko Magomeni. Kidoti kimekwenda njia ya bandarini kufuata mablanketi, kimesimama, kimerudi. Nilikuwa nakujua bila kukuuliza, na kila jioni nilikuuliza ulikuwa wapi ili nione kama utasema kweli. Ukasema kweli, na hata hilo nikalishuku. Mtu hasemi kweli kila siku bila sababu.

Halafu kidoti kikaenda Pugu.

Pugu tuna nani? Hatuna mtu. Kikafika huko vilimani, kikapanda, kikashuka. Kikapanda pale pale, kikashuka pale pale. Mteja alikuwa ananiuliza kuhusu pazia la jikoni, nikamkatia la sebuleni. Jioni nikakuuliza, "Leo umeshindaje?"

"Foleni mama, sijapata kuona."

Na baba yako, mdomo umejaa wali, akasema, "Foleni kweli leo." Baba yako ambaye siku nzima alikuwa nyumbani, kama nilivyoambiwa.

Sikulala vizuri. Kwanza nilifikiri ni mwanamume. Halafu nikafikiri umemuuzia mtu gari na mnunuzi analijaribu mlimani. Halafu nikafikiri baba yako anajua mambo yote mawili. Kidoti kilipokwenda Pugu mara ya pili nilifunga duka mchana kweupe, nikamwita kijana wa bodaboda, nikamwambia fuata hiki. Akashika simu yangu, akatazama, akanitazama. "Mama, umeibiwa gari?" Nikamwambia ndiyo tunakwenda kujua.

Tulisimama nyuma ya kibanda cha mkaa. Nikaiona pikapu inapanda kilima, imejaa viroba vya mchanga, nawe umekaa wima kwenye usukani kama mtu anayefanya mtihani. Na kwenye kiti changu alikaa baba yako.

Alikuwa ametoa kichwa dirishani anasikiliza injini. Mkono mmoja ameshika kile kishikio cha juu ya mlango, amekibana mpaka nikaona mishipa. Akaingiza kichwa, akanyoosha kidole kwenye geji ya maji, akasema neno, ukacheka. Mkafika juu mkasimama. Injini inanguruma, wote wawili mmetazama geji, mnasubiri joto lishuke. Halafu ukageuza ukateremka kwa gia ndogo, taratibu, taa za breki zinawaka kidogo tu na kuzima. Mkafika chini. Mkaanza tena.

Nilijua mara moja mnafanya nini, na nilijua kwa nini hamkuniambia. Wewe ulikuwa unaogopa Kitonga. Miezi yote hii ulijifanya huogopi, na kila nilipotaja mlima ulisema, "Mama, we nawe." Ungeniambia unaogopa ningekushika mguu usiondoke. Na baba yako alikuwa anaogopa kuliko sisi wote, na akapanda, na akapanda tena, kwa ajili yako. Nililia pale nyuma ya mkaa, Rehema. Yule kijana wa boda akazima pikipiki yake, halafu akauliza, "Sasa mama, tuwakamate au?"

"Turudi mjini," nikamwambia.

Jioni mkaniambia foleni tena. Nikampakulia baba yako kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida nakula mimi. Akakitazama muda mrefu. Mpaka leo anakishuku kile kichwa.

Tangu siku hiyo nimebeba maneno ambayo siwezi kuyasema. Nilitaka kukwambia kwamba unateremka vizuri kuliko baba yako enzi zake. Nilitaka kukwambia kwamba yale mabega yako ya wima niliyaona na nikajivuna mbele ya kijana nisiyemjua. Lakini ningesemaje nimeyaona bila kusema nimeyaonaje? Ndiyo shida ya kumchungulia mtu. Hata jema lake ukiliona huwezi kumpa.

Jana uliponiachia gari hapa dukani tupakie mablanketi ya mwisho, nilimwita Shomari. Kabla hajafungua redio nilitazama simu mara moja tu. Kidoti kilikuwa Kariakoo, mlangoni kwangu, na gari lilikuwa mbele yangu naweza kuligusa. Kilikuwa kinasema kweli tupu na hakikunisaidia kitu. Shomari akakitoa, akakata waya wake, akaufunga mwisho kwa utepe mweusi. Kuuvuta wote ingebidi kufungua dashibodi yote, na wewe ulikuwa unarudi. Kipande kimebaki.

Nakujua. Nimekulea mimi. Iko siku redio itasumbua, utaingiza mkono nyuma yake, utashika waya ambao hauendi popote, na utaanza kujiuliza. Utawashuku wauzaji wa pikapu, utamshuku Shomari, utamshuku mtu yeyote uliyempa lifti. Mwisho utanishuku mimi, na utakuwa sahihi, na utakuwa umepata jibu hilo peke yako, usiku, kwenye mji wa baridi. Sikutaka ulipate namna hiyo. Ndiyo sababu ya barua hii. Haya mengine yote nimeyaandika nikijipa moyo.

Nitaiweka kwenye droo ya dashibodi na nitakwambia uisome Morogoro ukisimama kunywa chai, kwa sababu nataka uwe umeisoma kabla ya mlima. Ukipanda Kitonga geji ya maji itainuka. Iache iinuke, baba yako amekuonyesha mpaka wapi. Ninachokiogopa mimi ni ikishuka. Ikishuka ghafla ukiwa bado unapanda, usimshukuru Mungu bado. Huenda maji yameisha na hata hii niliyoichemshia maji mwenyewe inapima hewa, kama ile ya zamani. Tafuta pa kuegesha usimame. Na ukisikia harufu tamu, geji zote mbili zikisema shwari, simama vilevile. Watakupigia honi, watakutukana, watasema mwanamke kashindwa mlima. Funga vioo. Mimi nilinyamaza kwa kuona haya, na haya nusura zituue wote wawili.

Lakini usirithi kushuku kwangu, halafu ukaacha kuishi na watu. Utakuwa na majirani wapya, na mtu atakuletea ugali usiku wa kwanza kwa sababu wewe ni mgeni. Kula. Nilipokuwa namfokea Shomari nilidhani natumia akili, kumbe ule utepe ulioziba ni mimi niliyeuagiza. Napenda ulikumbuke hilo, kwa sababu una pua yangu na una mengine yangu pia.

Baba yako usimwambie kwamba nilimwona Pugu. Mwache na kichwa chake cha samaki. Nitamwambia mwenyewe siku nikipata namna ya kumshukuru bila yeye kuona haya.

Na kuhusu kile kidude, usiniamini kwa maneno yangu tu. Ukifika Makambako tafuta fundi umeme ambaye mimi simjui. Usimrudishie Shomari kazi hiyo, Shomari ni mtu wangu. Mwambie afungue nyuma ya redio, atazame chini ya viti, nyuma ya taa, kila mahali. Simama hapo hapo, ikibidi ukae kwenye kiti cha plastiki. Akikwambia gari ni safi, nipigie. Nitakuwa dukani na simu juu ya kaunta, na haitakuwa na kidoti chochote. Nitajua umefika ukiniambia.

Mama yako.